MAITI WA DARASANI NAYE ANA HAKI YAKE



Kila mwaka baadhi ya vijana wa Kiislamu huingia vyuo vya udaktari, na huko hukutana na jambo ambalo hawakupata kuliona: maiti juu ya meza, anapasuliwa ili ijulikane mishipa inapita wapi. Swali la kwanza huwa ni moja: je, inajuzu? Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, liliruhusu kwa ajili ya kufundisha tiba. Liliweka masharti: iwepo ridhaa ya marehemu au ya warithi wake, isipitishwe kadiri ya haja, na viungo vyote vizikwe.

Sharti la kuzika ndilo lililotushikisha kalamu, kwani dawa anayotiwa maiti asioze inaweza kulirahisisha au kulivunja.

Dawa iliyozoeleka ni fomalini. Mjerumani Ferdinand Blum aligundua mwaka 1893 kwamba inaifanya nyama kuwa ngumu isiharibike. Hupitishwa katika mshipa mkubwa wa paja au wa shingo, ikaenea mwili mzima. Ni rahisi kupatikana, na maiti hudumu miaka. Lakini nyama hukakamaa, rangi hupotea, viungo havikunjiki tena. Na wanaosoma nao huumia: macho huwasha na koo hukereketa. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka fomalini katika orodha ya vitu vinavyowasababishia watu saratani. Chumba cha kupasulia kisichopitisha hewa ni dhuluma kwa walio hai, tusione haya kulisema.

Njia ya pili ni ya Walter Thiel wa Graz, Austria, aliyeitangaza mwaka 1992. Hutumia chumvi mbalimbali na fomalini kidogo sana, kisha maiti hulazwa katika birika la dawa kwa miezi. Akitoka, mwili ni laini, mkono unakunjika, na rangi inakaribia ya aliye hai. Anayejifunza upasuaji hunufaika mno. Tatizo ni gharama na hayo mabirika. Chuo chenye uwezo, tunaona kianzie hapa.

Ya tatu aliibuni Gunther von Hagens nchini Ujerumani mwaka 1977. Maji na mafuta ya mwili huondolewa, plastiki ikaingia mahali pake. Hakuna harufu wala kuoza. Watetezi wake husema kipande kimoja hufundisha vizazi vingi, hivyo maiti wachache hupasuliwa. Hoja hiyo ina uzito, hatukatai. Ila kipande hicho kimetengenezwa ili kisizikwe, na wako waliosimamishwa katika maonyesho, watu wakakata tiketi kuwatazama. Sisi hili hatuliafiki.

Kwetu Afrika Mashariki liko zito zaidi. Maiti wengi wa vyuoni ni wale ambao hawakudaiwa na jamaa zao hospitalini. Ridhaa yao hatunayo, na huenda miongoni mwao wamo Waislamu ambao hawakuoshwa wala kusaliwa. Kaka na dada zetu mlioko vyuoni, waulizeni walimu wenu kwa adabu: somo likiisha, vile vipande hupelekwa wapi, na nani huvizika?