Kalenda Tumeiona, Nani Ameitika?

Asubuhi ya Jumatano moja, mama yangu mzazi aliamka kabla ya jogoo wa pili kule Chunya. Alioga, akavaa kitenge chake cha safari, akafunga kadi ya hospitali ndani ya leso pamoja na nauli, kisha akatoka na kuketi kwenye benchi lililo nje ya nyumba, akingoja kuchukuliwa. Siku hiyo ilikuwa ya kliniki ya macho huku Mbeya mjini. Mtoto wa jicho alikuwa amemzidi. Hata mawe ndani ya mchele alikuwa hawezi tena kuyatenga. Jua likapanda. Saa nne ikapita, na saa sita ikapita. Majirani waliokuwa wakienda sokoni walimwamkia, na waliporudi walimkuta palepale. Ilipofika saa saba mchana alivua viatu, akarudi ndani.

Ndugu msomaji, mama huyu hakukosa watoto. Anao wanne, na wote wanne tulikuwa tunaijua siku ile. Kaka yetu mkubwa yuko Makongolosi, katika wilaya hiyohiyo ya Chunya, kwenye shughuli za machimbo. Mimi niko Mbeya mjini. Dada anayenifuata anafanya kazi Muscat, na kitindamimba wetu ni karani Dar es Salaam. Sote tulikuwa tumeunganishwa katika kalenda moja ya mtandaoni, na siku ya Mama ilikuwa imeandikwa humo kwa rangi nyekundu. Sote tuliiona. Hakuna hata mmoja aliyekwenda.

Nayasema haya hadharani kwa sababu najua nyumba nyingi za wafanyakazi zimekwisha kushika njia hiyohiyo. Familia zetu zimetawanyika. Tangu dhahabu ya Lupa ilipoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920, Chunya imekuwa mji wa watu wanaokuja na watu wanaoondoka. Leo mtoto yuko Iringa, mwingine Tunduma, mwingine ng'ambo. Harusi, misiba, vikao vya ukoo, zamu za kumuuguza mzee, mikutano ya vikoba, yote hayo yahitaji siku moja inayojulikana na wote. Kwa hiyo mtu akisema, "Tuwe na kalenda moja katika simu zetu," anasema neno la busara. Makosa yetu hayakuwa katika chombo. Yalikuwa katika kukitumia bila kuelewana.

Ubao na hodi

Kalenda ya namna hii si jambo la jana. Ile ya Google, ambayo wengi wetu tunaikuta tayari ndani ya simu zetu, ilitolewa kwa umma mwaka 2006. Kabla ya hapo, mwaka 1998, wataalamu wa mtandao walikuwa wamekubaliana juu ya namna moja ya kuandika tukio la kalenda, ili mwaliko uliotoka katika programu ya kampuni moja usomeke katika programu ya kampuni nyingine. Ndiyo maana mtu mwenye simu ya aina moja aweza kumwalika mwenye simu ya aina nyingine, na siku ikaingia mahali pake bila taabu.

Lakini kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nasi tuliyachanganya. La kwanza ni kumshirikisha mtu kalenda. La pili ni kumwalika kwenye tukio. Ukimshirikisha mtu kalenda, unamfungulia mlango aone yaliyoandikwa humo. Hakuna anayemwuliza neno. Ataona kliniki ya Mama kama anavyoona sikukuu ya Saba Saba. Ukimwalika, jina lake linaandikwa katika tukio lenyewe, ujumbe unamfikia, tukio linaingia katika kalenda yake mwenyewe, naye anaulizwa waziwazi: Ndiyo, Hapana, au Labda? Asipojibu, jina lake linabaki katika orodha ya wasiojibu, na aliyealika anaweza kuliona.

Wenye umri wangu watakumbuka mfano ulio karibu zaidi. Katika mfumo wa nyumba kumi uliowekwa na TANU miaka ya 1960, tangazo la mkutano liliweza kubandikwa kwenye ubao wa ofisi. Wangapi walilisoma? Wangapi walilisoma wakasema, "Haya ni ya wengine"? Lakini mjumbe alipopita nyumba kwa nyumba akapiga hodi, akasema, "Ndugu, kesho saa mbili asubuhi tunatengeneza barabara, utakuja?" hapo ulilazimika kufungua kinywa. Ulisema nitakuja, au ulitaja udhuru wako mbele ya mkeo na watoto. Kalenda tuliyoshirikishana ni ule ubao. Mwaliko ni ile hodi.

Sisi tulibandika siku ya Mama kwenye ubao, tukalala. Kaka wa Makongolosi aliamini kwamba mimi niliyeko Mbeya, iliko kliniki, ndiye niliyelishika jambo hilo. Mimi niliamini kwamba kaka aliye wilaya moja na Mama ndiye atakayempakia. Dada wa Muscat alituamini sisi wawili. Kitindamimba, aliyeandika, aliamini kwamba kuandika ni nusu ya kutenda. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo chetu hakikwenda mrama, ndugu msomaji. Hakikutweka tanga kabisa.

Saa ya nani?

Kulikuwa na kosa la pili, nalo ni la Waswahili sote. Kadi ya Mama ilisema saa nne asubuhi. Kitindamimba, kwa haraka ya ofisini, akaandika 4:00. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Mashine inahesabu tangu usiku wa manane. Kwa hiyo 4:00 ya mashine ni saa kumi alfajiri, na saa nne yetu ya asubuhi ni 10:00. Simu yangu, ambayo nimeipanga inikumbushe mambo nusu saa kabla, ikalia saa tisa na nusu usiku. Nilishtuka nikidhani ni habari ya msiba. Nilipoona ni kliniki ya Mama, nikasema moyoni, "Mtoto huyu amekosea saa," nikaizima, nikajifunika blanketi. Baridi ya Mbeya mnaijua. Asubuhi nikaenda kazini.

Hapo ndipo penye lawama yangu mimi. Niliona kosa, nikalitambua kuwa ni kosa, nisimwambie mtu. Simu ya kaka haikulia kabisa, kwa kuwa katika kalenda ya pamoja kila mtu hupanga kengele yake mwenyewe. Kengele ya mwenzako hailii kwako.

Basi yafaa kila nyumba ikubaliane juu ya jambo hili dogo. Unapoandika saa ya Kiswahili katika kalenda ya mashine, ongeza sita kwa saa za mchana, na kumi na nane kwa saa za usiku kabla ya saa sita: saa mbili asubuhi ni 8:00, saa saba mchana ni 13:00, saa kumi jioni ni 16:00, saa moja usiku ni 19:00. Kisha, katika jina la tukio, andika kwa maneno: "Kliniki ya Mama, saa nne asubuhi." Namba ikikosewa, maneno yataikosoa. Vilevile jihadharini na usiku wa kuamkia siku. Tukisema mkesha wa usiku wa kuamkia Jumapili, saa tatu, mashine inataka uandike Jumamosi, 21:00. Ukiandika Jumapili, wageni watafika wakati wenyeji wanakunja mikeka.

Kwa aliye nchi nyingine, mashine yenyewe humfanyia hesabu. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. Tukio la saa nne asubuhi ya Chunya litaonekana katika simu ya dada kuwa saa tano. Wala asilisahihishe kwa kudhani limekosewa, maana akilibadili kwake, naye ana ruhusa ya kubadili, litabadilika kwetu sote.

Macho mangapi?

Hilo linatuleta kwenye ruhusa. Kalenda hizi zina ngazi za kushirikishana. Kuna anayeruhusiwa kuona tu kwamba una shughuli saa fulani, bila kujua ni shughuli gani. Kuna anayeona kila kitu. Kuna anayeweza kuandika na kufuta. Na wa juu kabisa, pamoja na hayo, anaweza kuwaingiza watu wengine. Sisi tulimpa kila mtu ngazi ya juu kwa sababu tulidhani kubagua ni kukosa undugu. Baada ya muda tukagundua kwamba shemeji wa mbali, aliyeingizwa wakati wa kuchangia harusi, alikuwa anasoma habari za macho ya Mama na tarehe za marejesho ya mkopo wangu. La hasha! Undugu haumaanishi kila mtu aingie chumba cha ndani. Barazani wanakaribishwa wengi. Chumbani wanaingia wachache.

Ifanyeni kalenda ya ugonjwa na ya fedha kuwa ya wachache, na ile ya harusi na vikao iwe ya ukoo mzima. Mtu mmoja aweza kuwa nazo zote mbili katika simu yake, kila moja na rangi yake. Na msiifanye kalenda ya nyumbani kuwa ya hadhara, kwani hapo mtu yeyote katika mtandao aweza kuisoma. Hapa Chunya onyo hili si la kubahatisha. Tangu soko la madini lilipofunguliwa mwaka 2019, mchimbaji mwenye gramu zake ana mahali halali pa kuuzia. Lakini akiandika katika kalenda iliyo wazi, "Ijumaa, kwenda sokoni na mzigo," amewaalika wageni asiowajua, nao wataitika bila kubonyeza Ndiyo.

Aliye nje ya kalenda

Nimeacha jambo zito kwa mwisho. Mhusika mkuu wa siku ile, Mama, hakuwamo katika kalenda. Simu yake ni ile ndogo ya kubonyeza, ambayo vijana huiita kitochi. Inapiga, inapokea, inamulika njia ya chooni usiku, basi. Sisi wanne tulikuwa tukijadiliana juu yake mahali ambapo yeye hawezi kufika, wala hakuna aliyempigia kumweleza nani anakuja na saa ngapi.

Nilipofika Chunya Jumamosi yake kuomba radhi, nilieleza mengi. Nilieleza habari za 4:00, nilieleza habari za kengele, nikamwonyesha hata ile rangi nyekundu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Katika hao wote walioona, nani aliitika?"

Sikuwa na jibu. Mtu akiitwa huitika, ndivyo alivyotulea. Ukimwita mtoto naye akakutazama tu, hujui kama amesikia, na hujui kama anakuja.

Kliniki ikatupa tarehe nyingine, wiki tano mbele. Wiki tano kwa mtu anayeona ukungu si kitu kidogo. Katika muda huo alijikwaa kizingitini akaumia goti, nalo goti hilo nalihesabu katika deni langu.

Safari ya pili tuliweka taratibu nne, nami nawapeni jinsi zilivyo. Kwanza, jambo linalohitaji mtu litumwe kwa mwaliko wenye majina, lisiachwe ubaoni. Pili, kila aliyealikwa ajibu kabla ya siku kwisha. Na aliye na udhuru abonyeze Hapana bila haya, kwa maana Hapana ya mapema humpa mwenzake nafasi ya kujipanga, lakini kimya hakimpi mtu kitu. Labda isikae zaidi ya siku tatu. Tatu, aliyesema Ndiyo ndiye anayempigia Mama kwa sauti yake mwenyewe, jioni ya kuamkia safari. Nne, anayeona kosa alisahihishe au aulize palepale, hata kama ni saa tisa na nusu usiku.

Mwaliko ulitoka. Mimi nilibonyeza Hapana, maana nilikuwa zamu kazini. Kaka alikuwa shimoni ambako mtandao haupatikani, na jibu lake likachelewa mpaka alipopanda juu jioni. Ndipo jina lake likageuka kuwa Ndiyo. Saa moja usiku akampigia Mama. Kesho yake walipanda pamoja barabara ya mlimani kuja Mbeya, Mama akiwa kiti cha mbele na leso yake mkononi. Baada ya wiki chache alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na sasa anachambua mchele mwenyewe na kutulaumu kwa mawe tuliyomlisha.

Jicho la kushoto lina tarehe yake mwezi ujao. Imo katika kalenda, kwa maneno na kwa namba. Mwaliko umetumwa kwa watu wanne. Nimeandika makala haya baada ya kubonyeza Ndiyo, na jioni ya kuamkia siku hiyo nitampigia Mama mimi mwenyewe.

Nawe, ndugu msomaji, kabla hujaliweka gazeti hili chini, tazama simu yako. Kuna mtu aliyekuita ambaye hujamwitikia?