Anayenunua jiwe analijua, anayelichimba halijui

Ndugu wachimbaji, na ninyi akina mama mnaotwanga na kusafisha mawe, hapa Ituri tukisema madini kila mtu anawaza zahabu. Lakini liko jiwe lingine ambalo wengi wetu wanalifahamu kwa uzito wake tu: coltan. Mwaka 2000 bei yake ilipanda mbio mbio, watu wakaingia kuichimba mpaka ndani ya Hifadhi ya Okapi, pande za Mambasa. Mwaka 2001 bei ikaanguka, mashimo yakabaki. Juu ya nini ilipanda? Juu ya nini ilianguka? Shimoni ni wachache walioelezwa.

Leo tunaleta habari ya coltan ambayo haijafika sokoni bado, ili safari hii tusiwe wa mwisho kusikia.

Ndani ya coltan mna tantali. Hiyo ndiyo wanayotengenezea vidude vidogo vya kutunza umeme ndani ya telefoni. Lakini wataalamu wakiunganisha tantali na kiberiti, wanapata jiwe lingine lenye matabaka kama karatasi za daftari: kila tabaka ni tantali iliyobanwa na kiberiti juu na chini.

Umeme, ndio kurani, ni mwendo wa elektroni, vitu vidogo kupita vyote tunavyoona. Katika waya wa shaba zinatembea bila shida. Katika jiwe hili, likipozwa sana, atomu za tantali zinakusanyika kumi na tatu kumi na tatu kwa umbo la nyota, na kila nyota inakamata elektroni moja katikati. Elektroni zinasukumana, kila moja inabaki pake, kurani inakatika. Ni kama barabara yenye barrière kila hatua: magari yako, lakini hakuna linalotembea.

Mwaka 2014 watafiti wa Ljubljana, kule Slovenia, walitangaza katika gazeti la sayansi Science kwamba walilipiga jiwe hilo mara moja kwa mwanga wa leza, muda mfupi kupita kufumba jicho kwa mabilioni ya mara. Elektroni zikavurugika, na hazikurudi mahali pa kwanza. Zikajipanga kwa namna mpya, ambayo kupasha moto polepole hakuwezi kuileta, na kurani ikapita. Tena hali hiyo inabaki, mpaka jiwe lipashwe moto. Baadaye ikaonekana kwamba hata pigo fupi la umeme linatosha. Jiwe linalokumbuka pigo moja linaweza kutunza maandishi: kurani inapita, ao haipiti. Kumbukumbu yote ya ordinatere imesimama juu ya hayo mawili.

Tuseme wazi: kazi hiyo inataka baridi kali mno, na maabara inatumia tantali kidogo sana. Asikudanganye mtu kwamba bei itapanda kesho juu ya habari hii. Lakini somo liko. Kipande kidogo kisichojaa kwenye kucha kimebeba kazi ya miaka mingi. Thamani yake haikutoka kwenye kilo, ilitoka kwa watu waliolijua jiwe.

Na sisi tunauzisha namna gani? Mnunuzi iko na mashini inayosoma asilimia ya tantali. Mchimbaji iko na mfuko na macho yake. Yule anajua anachonunua, huyu hajui anachouzisha. Tunaomba CEEC na SAEMAPE, ambazo kazi yao ni kupima na kusaidia, ziweke mashini ya kupimia mahali pa wazi, na mchimbaji apewe karatasi yenye asilimia mbele ya kuambiwa bei.

La pili. Tangu dekreti ya tarehe 24 Novemba 2018, coltan ni madini ya kimkakati, na redevance ambayo makampuni yanalipa juu yake ni 10%. Sheria ya madini ya mwaka huo huo inagawa feza hizo hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% entité ya mahali, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo ni hawa watoto wanaoacha shule kwenda kubeba mchanga. Inafaa sehemu ya feza hizo inunue vyombo vya fizikia kwa Université de Bunia na kwa ISP, mahali walimu wetu wanapofundishwa.

La tatu liko mikononi mwetu wenyewe. Baba, mama, siku shimo limetoa, toeni minerval ya mtoto wa sekondari kwanza, na binti asisahauliwe. Siku mtoto wa Mambasa atakaposoma mwenyewe asilimia kwenye mashini na kumweleza babake, mnunuzi atalazimika kutaja bei nyingine.