Mali bila daftari: nguru anafungwa, bahari nani anaihesabu?

Kila mwaka hapa Oman, kuanzia tarehe 15 Agosti hadi tarehe 15 Oktoba, nguru hufungwa. Haruhusiwi kuvuliwa, kusafirishwa wala kuuzwa, na makampuni yenye akiba yake kwenye mafriza hutakiwa kuiandikisha mapema. Ndugu zetu wa Imarati nao hufunga siku hizo hizo. Sababu inayotangazwa ni kumwachia samaki nafasi azaliane na wadogo wakue.

Sisi wa Ansab hatukai pwani. Samaki hutufikia kwa gari kutoka Sib na Matrah, lakini nguru akishafungwa, baraza zetu za baada ya alasiri hugeuka mahakama. Mwaka jana kijana mmoja, jamaa zake wavuvi wa Quriyat, aliniuliza: "Ami, baba yangu ana boti moja ya faiba na mashine moja. Yeye anafungiwa. Hizo meli kubwa zinazopewa vibali, nani anazifungia?"

Swali hilo halifai kujibiwa kwa kusema "serikali inajua". Nimefanya kazi ya ukarani zaidi ya miaka thelathini, na wazee wetu walituachia msemo ambao kila karani anaujua: mali bila daftari hupotea bila habari. Samaki ni mali. Basi suala la kwanza ni daftari lake liko wapi, na nani anaandika ndani yake.

Daftari la bahari huandikwa kwa kuvua kwa majaribio. Watu wengi hudhani ni uvuvi kama uvuvi mwingine, ila umefanywa na serikali. Sivyo. Mvuvi huenda penye samaki. Meli ya utafiti huenda mahali palipopangwa kwenye ramani, pawe na samaki au pasiwe nao, ikakokota wavu ule ule kwa muda ule ule, nusu saa kwa mfano. Kila kinachopanda hupangwa kwa aina, hupimwa uzito na urefu, na wengine hupasuliwa kuangaliwa mayai. Wavu ukitoka mtupu, huo nao ni ukurasa wa daftari. Kwa njia hiyo hujulikana kilichopo, pamoja na kilichopungua.

Oman ilianza mapema. Meli ya Norway iitwayo Dr. Fridtjof Nansen ilipima bahari yetu mwaka 1975 na 1976, ikarudi 1983 na 1984. Katika Ghuba ya Oman ilikuta wingi wa ajabu wa visamaki vya kina kirefu vyenye kung'aa mwilini kama vina taa. Watu wakaona utajiri. Lakini visamaki hivyo havikuwa kitoweo cha mtu, na biashara kubwa ya Oman haikutoka humo. Baadaye, mwaka 2007 na 2008, serikali ilituma meli ya utafiti Al Mustaqila 1 kupima upande wa Bahari ya Arabuni. Mwaka 2011 meli za kukokota nyavu chini ya bahari zikasimamishwa, baada ya wavuvi wadogo kulalamika miaka mingi kwamba zinakata nyavu zao na kutupa samaki wasiotakiwa. Hao wadogo ndio waliokuwa wakileta wakati huo zaidi ya tisa kwa kumi ya samaki wote waliovuliwa Oman, na safari hiyo walisikilizwa.

Sasa turudi kwa nguru. Mwaka 1988 Oman ilipata zaidi ya tani 27,000 za nguru. Miaka kama kumi na tano baadaye zilikuwa zimebaki tani elfu chache tu. Karani akiona hesabu kama hiyo haulizi kama pana tatizo, anauliza limeanza lini. Hivyo kufunga msimu si uonevu. Nasema hivyo nikijua nguru akikosekana mimi nami hula changu, na bei ya changu hupanda.

Ila kuna jambo moja ambalo halikai sawa. Kanuni inakataza kuvua nguru aliye chini ya sentimita 65. Utafiti uliofanywa hapa hapa Oman na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba nguru jike huanza kukomaa kwa kuzaa akikaribia sentimita 80. Baina ya 65 na 80 kuna sentimita kumi na tano, na ndani yake kuna majike ambao sheria inaruhusu wauzwe kabla hawajataga hata mara moja. Tunaweza kufunga miezi miwili kila mwaka, lakini rula ikiwa fupi, tunachokihifadhi kwa mkono wa kulia tunakitoa kwa wa kushoto. Daftari lipo, limeandikwa na watu wetu wenyewe. Kanuni ndiyo haijalifuata.

Mfano wa kanuni inayofuata daftari uko Dhofar. Pale Mirbat na Sadah kuna kombe aitwaye sufailah, anayepatikana ufuko ule na hana makao makubwa kwingine. Wapiga mbizi humfuata kwa pumzi zao, na bei yake ni kubwa. Msimu wake huhesabiwa kwa siku, kiasi cha siku kumi tu mwisho wa mwaka, na kombe lazima afike milimita 90. Wataalamu hupiga mbizi kwanza wakahesabu, ndipo hutolewa uamuzi wa kufungua. Hesabu ilipokuwa mbaya, sufailah alifungwa miaka mitatu mfululizo, 2008 hadi 2010, na nyumba nyingi za wapiga mbizi zilikaa bila fedha hizo. Waliumia, lakini waliumia kwa hesabu waliyoweza kuiona, maana wao wenyewe walikuwa wakizama na kukuta mawe matupu.

Nyumbani Pemba jambo hili halihitaji mkalimani. Watu wa Kisiwa Panza wamekuwa wakifunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kamati ya kijiji ikalinda. Siku ya kufungua, wanawake na wanaume hushuka pamoja na pweza hupimwa kwenye mizani. Utaratibu kama huo ulianzia Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004. Mtu anayeona mizani kwa macho yake huvumilia kufungiwa.

Shida huanza tukitoka miambani kwenda bahari kuu, ambako hakuna macho ya kijiji. Meli ile ya Nansen ilipima maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983, ikaja tena 2018. Tanzania ilianzisha Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu kwa sheria ya mwaka 1998, na makao yake yako Fumba, Unguja. Lakini kisa ambacho kila mtu anakikumbuka ni meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 ikiwa na karibu tani 300 za jodari, ikidaiwa kuvua bila leseni. Samaki wakagawiwa, watu wakawaita samaki wa Magufuli, kwa jina la waziri wa wakati ule. Kesi ikaenda miaka. Hukumu ya 2012 ikafutwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2014. Najifunza hapa kwamba kukamata meli moja kwa kishindo si usimamizi. Usimamizi ni kujua kila siku nani yuko nje, anavua nini, na kiasi gani kimebaki.

Jodari nao hawana pasipoti. Anayeonekana Pemba wakati huu anaweza kuwa Ras al Hadd baadaye. Ndiyo maana iko Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Ushelisheli, na Oman na Tanzania zote ni wanachama. Mwaka 2021 kamisheni ilipitisha azimio la kupunguza uvuvi wa jodari wa mapezi ya manjano. Oman ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoweka pingamizi, pamoja na India, Indonesia, Iran, Madagascar na Somalia, na anayepinga azimio halimfungi. Nchi za mwambao zina hoja: meli za mbali za Ulaya na Asia zilikula kwanza, sasa wenye bahari wanaambiwa wapunguze. Hoja hiyo naielewa. Lakini yule kijana wa Quriyat naye ana hoja yake. Tukimwambia baba yake avumilie kwa ajili ya kesho, hatuwezi kusema huko nje kwamba kesho itajitunza.

Oman sasa inaangalia bahari kuu kwa hamu. Duqm imejengewa bandari ya uvuvi, na sheria mpya ya rasilimali hai za majini ilitoka kwa Amri ya Kifalme namba 20 ya mwaka 2019. Sipingi meli kubwa. Nchi haiwezi kukaa milele na boti za faiba peke yake, na vijana wanataka kazi. Ila ningependa mambo matatu yawe wazi.

Kwanza, kupima kutangulie kibali. Kibali kisiitwe cha majaribio wakati meli inajaza matumbo yake na kuuza.

Pili, skuli ya misheni niliyosoma utotoni ilitufundisha kwamba anayeshika ufunguo wa kasha asiwe ndiye anayeandika daftari. Kampuni yenye faida katika samaki isiachiwe yenyewe kutuambia samaki wako wangapi.

Tatu, hesabu itangazwe kwa lugha anayoielewa mvuvi, pale pale anapofikia boti yake: mwaka jana tulipata kiasi hiki, mwaka huu kiasi hiki, na meli kubwa zilichukua kiasi hiki.

Hayo yakifanywa, kijana wetu atakuwa na jibu la kumpelekea baba yake, lenye tarakimu ndani yake. Na huenda yule baba ndiye atakuwa wa kwanza kusema kwamba sentimita 65 ni chache.