Ukila kwa shefu Westlands, usiache ulimi wako Umoja

Msee wangu wa Umoja, dada yangu wa Kayole, hebu tuambiane ukweli. Ile siku ya mwisho wa mwezi ulipoenda kula kwa shefu kule Westlands, Kilimani au Karen, ulirudi umeridhika?

Picha tuliziona. Sahani pana kama usukani wa matatu, kipande cha nyama katikati kama kimepotea njia, na matone matatu ya mchuzi wa kijani pembeni. Chini yake ukaandika kwamba Mungu ni mwema. Lakini marafiki walipokuuliza baadaye pale steji ya Donholm, hadithi ilikuwa nyingine. Chakula kilikuja kimepoa, bili ikapita ile uliyokuwa umepanga, na mliporudi mtaani mlipitia kwa kibandaski mkaagiza chapo madondo ndipo mkapata usingizi. Hayo hukuyaposti. Wala hukumwambia mhudumu.

Kwetu sisi, shida iko hapo kwenye kunyamaza. Hakuna ubaya wowote kijana wa Eastlands kula kwa shefu mwenye jina. Ubaya ni kwenda kama mtu anayeomba kukubaliwa, ukalipa pesa ya jasho kwa kitu ambacho hukukipenda, kisha ukameza malalamiko pamoja na chakula kwa kuogopa kuitwa mshamba. Enda ukale, lakini ulimi wako wa mtaani uende nao, kwa sababu unajua kazi.

Meza ile ni yako pia

Kuna watakaokwambia watu wa mtaa watulie kwa vibanda vyao. Hao wasikupotezee wakati. Nairobi hii iliwahi kuwa na ukuta katika suala la nani anakula wapi. Enzi za ukoloni, hoteli kubwa kama Norfolk, iliyofunguliwa mwaka wa 1904, zilikuwa za Wazungu. Mwafrika alikuwemo, lakini akiwa mpishi, dobi au mbebaji mizigo. Jioni alirudi upande huu wetu, kwa sababu mitaa kama Kaloleni, Ziwani na Makongeni ilijengwa kuwa makao ya wafanyakazi Waafrika wa jiji. United Kenya Club ilipoanzishwa mwaka wa 1946, kilichowashangaza watu ni kwamba Mwafrika, Mhindi na Mzungu wangeweza kuketi meza moja na kula pamoja.

Kwa hivyo babu zetu walipika katika majiko yale na hawakuruhusiwa kuonja wakiwa wateja. Wewe leo unaingia kwa mlango wa mbele na pesa yako mfukoni. Hapo hakuna cha kuonea haya. Ila kama umeingia kwa mlango wa mbele halafu unaogopa kusema nyama haijaiva, ule ukuta bado uko, ila sasa unaujenga mwenyewe.

Unalipia nini hasa?

Tuwe wa haki kwa mashefu. Wengi wetu tukiona bei tunapiga hesabu ya nyama ya buchani na kusema tumeibiwa. Hesabu hiyo ina kasoro. Ukila kwa shefu unalipia pia kodi ya jengo, mishahara ya watu ambao huwaoni, na muda. Mchuzi mzuri unaweza kutokana na mifupa iliyochemshwa kwa moto mdogo kutwa nzima. Unalipia pia wazo, yaani kuna mtu aliyekaa chini akafikiria jinsi ya kukipa kitu unachokijua ladha usiyoitarajia.

Chukua samosa. Mtaani unaijua, ya nyama au ya ndengu, inakaangwa mbele yako jioni. Mkahawa wa Talisman kule Karen umejijengea jina kwa samosa za jibini aina ya feta na dania. Umbo ni lile lile la pembe tatu, lakini ndani kuna kitu kingine. Ukiionja na kuona imekufungulia akili, pesa yako imefanya kazi. Ukiona ya mama wa pale kona inaishinda, huo nao ni uamuzi halali.

Au chukua nyama choma. Carnivore ya Lang'ata ilifunguliwa mwaka wa 1980, na mwaka wa 2002 na 2003 ilitajwa katika orodha ya mikahawa 50 bora duniani. Kinachopikwa pale si siri kutoka Ufaransa. Ni nyama juu ya makaa, kazi ambayo Kariokor na soko la Burma wanaijua vizuri. Lakini angalia mpangilio wao. Unaambiwa bei moja kabla ya kuanza, wahudumu wanapita na nyama kwenye mishikaki mirefu, na hawaachi kukukatia hadi uangushe kibendera kilicho mezani. Mteja anajua atalipa nini na atapata nini. Mkahawa ukiwa wazi hivyo, ni rahisi kusema kama umetimiza ahadi au la.

Matatizo mengi huanza pale ambapo mteja na shefu hawajaelewana kuhusu ahadi yenyewe. Kuna mikahawa ambako unaletewa sahani sita au saba ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, kila moja ya kuonja tu. Ukienda huko na njaa ya mtu aliyebeba mizigo Gikomba, utatoka umenuna hata kama shefu amepika kama malaika. Uliza mapema kama ni chakula cha kushiba au cha kuonja. Swali hilo ni bure, na linaweza kuokoa jioni nzima.

Ulimi wa mtaa umesoma

Sasa tuje kwa huo ushamba unaouogopa. Nani alikudanganya kwamba hujui chakula?

Wewe ni mtu wa Eastlands. Unaweza kutambua kwa harufu tu kwamba mbuzi anachomwa kwa haraka juu ya moto mkali ili mteja asilalamike kungoja. Unajua chapati iliyokandwa ikapumzishwa, ile inayochambuka tabaka kwa tabaka, na ile iliyokimbizwa. Unajua madondo ya leo na ya jana yaliyoongezwa maji. Mutura ukiwa na dania na pilipili ya kutosha, unatikisa kichwa hata kabla ya kumeza. Huo ni ujuzi ulioupata kwa miaka mingi ya kula na kulinganisha, na mhakiki wa chakula hufanya kazi hiyo hiyo.

Na usidhani wakubwa wa dunia wanapima kitu kingine. Kitabu cha Michelin kilianza mwaka wa 1900 kama mwongozo wa wenye magari, uliotolewa na kampuni ya matairi ya Ufaransa. Leo shefu anaweza kulia akipata nyota yake au akiipoteza. Wakaguzi wake huenda kimya kimya bila kujitambulisha na hulipa bili kama mteja yeyote. Nyota yenyewe hutolewa kwa kilicho kwenye sahani. Viti vya ngozi, taa za dhahabu na ukuta wa kupigia picha havihesabiwi. Mwaka wa 2016 walimpa nyota Chan Hon Meng, muuzaji wa kibanda nchini Singapore, aliyekuwa akiuza wali na kuku kwa takriban dola 2 za huko. Watu walikuwa wakipanga foleni kwake hata kabla ya nyota hiyo.

Kama wakaguzi hao wanaweza kusimama mbele ya kibanda na kusema hapa kuna kazi safi, wewe pia unaweza kuketi katika mkahawa wa kifahari na kusema hapa leo hakuna kitu. Jiulize maswali ya kawaida tu. Kilichopaswa kuwa moto kimekuja kikiwa moto? Nyama ni laini au unapigana nayo? Chumvi imekaa sawa? Unaonja kile kilichoandikwa kwenye menyu, au umepata jina refu na ladha fupi? Ukimaliza, ungetamani kurudi hata kama simu yako ingekuwa imezima na hakuna picha ya kuposti? Hilo la mwisho ndilo kubwa.

Hesabu ya kabla ya kuketi

Pesa ndiyo inayowafanya vijana wengi watoke wamekasirika, na mara nyingi hasira hiyo inaweza kuzuilika. Menyu nyingine huonyesha bei zikiwa na ushuru ndani, nyingine zina maandishi madogo mwishoni yanayosema ushuru haujajumuishwa. Soma hayo maandishi madogo.

Tuchukue mfano. Mko wawili. Vyakula viwili vya Sh3,000 kila kimoja, hiyo ni Sh6,000. Juisi mbili za Sh700, Sh1,400. Maji Sh400. Kitu kitamu cha kugawana, Sh1,200. Kichwani una Sh9,000 na umetulia. Kama bei hizo hazina ushuru, ongeza VAT ya asilimia 16, ambayo ni Sh1,440. Ongeza ushuru wa utalii wa asilimia 2, Sh180. Kama wanatoza ada ya huduma ya asilimia 10, ongeza Sh900. Bili inakuja Sh11,520. Hiyo Sh2,520 ya juu ndiyo inayokufanya uende chooni kupigia rafiki simu ukiomba akutumie kitu.

Na hapa tuseme wazi. Chakula cha kujionyesha hakistahili kukopewa. Ukilipa bili kwa Fuliza au kwa hizo programu nyingine za mikopo, utamu unaisha usiku ule ule, na ada inaendelea kuhesabika siku baada ya siku. Kama ni lazima uende, weka kidogo kidogo miezi mitatu, kama unavyochangia chama. Wengine huenda mchana badala ya usiku, kwa sababu baadhi ya mikahawa huwa na menyu nafuu ya saa ya chamcha. Wengine huagiza chakula kimoja kizuri na kuacha juisi. Hakuna atakayekufukuza kwa kunywa maji.

Kisha sema

Ukishafanya hayo yote na chakula bado kikakuangusha, usinyamaze. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, pamoja na habari anazohitaji ili afaidi alicholipia. Katiba hiyo haisemi haki hii ni ya watu wa Karen pekee.

Lakini kuna namna ya kusema. Sema mapema, baada ya kuonja mara moja au mbili, si baada ya kufuta sahani. Ongea kwa upole: “Samahani dada, hii nyama niliagiza iive kabisa, na bado ina damu. Mnaweza kuirudisha jikoni?” Na usitishike ukiulizwa unataka nyama iive kiasi gani. Nyekundu katikati, ya wastani au iliyoiva kabisa, yote ni majibu sahihi. Kama ulilelewa kwa nyama iliyoiva kabisa, agiza hivyo na ule kwa raha zako.

Usimfokee mhudumu. Si yeye aliyepika, na si yeye aliyepanga bei. Kuna uwezekano mkubwa kwamba usiku huu huu atangoja matatu ya kurudi upande wenu. Huenda alisomea kazi hii Chuo cha Utalii, kile cha Barabara ya Thika kilichoanza mwaka wa 1975, na anajua kabisa kwamba sahani ile ilikaa sana dirishani. Mara nyingi yeye ndiye atakayekupigania jikoni, kama umemheshimu.

Na ukirudi mtandaoni, andika kilichotokea. Usitukane, usitie chumvi. Andika kwamba samaki alikuwa mtamu lakini tulingoja saa nzima. Kuna kijana mwingine wa Dandora au Buruburu anayeweka akiba sasa hivi kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mamake, na anaangalia posti yako ili aamue ampeleke wapi. Ukimwonyesha picha tupu na kicheko, umemdanganya, na pesa yake itafuata njia ya yako.

Kwa hivyo, kula kwa shefu kunatimiza yale tunayoyatarajia? Mara nyingine ndiyo, sana. Kuna sahani inayoweza kukufanya unyamaze katikati ya stori, na ukiipata, mwambie mhudumu ampelekee shefu salamu zako, kisha mwachie mhudumu kitu kama unaweza. Mara nyingine hapana, na unakuwa umelipia mwanga mzuri wa picha. Tofauti ya hayo mawili hutaijua kwa kuangalia bei wala idadi ya wanaolike. Utaijua kwa kuonja, na kuonja umekuwa ukijifunza tangu utotoni, pale pale mtaani.