Siku Tatu za Kwanza

Tunaanza kwa kuungama. Mwaka uliopita tulimfungia mwenzetu chumbani, tukatia kufuli kwa nje, tukapiga magoti mlangoni. Alikuwa mpiga ngoma wa kwaya yetu, kijana wa miaka 24, na kwa muda mrefu tulikuwa tumemwona akizama. Alianza na vichupa vya plastiki vya pombe kali, vile vinavyouzwa kando ya njia kule Birere kwa bei ndogo kuliko sahani ya maharagwe. Baadaye ikawa kanyanga tangu asubuhi, na mwishoni vidonge vya tramadoli, alivyofundishwa na wenzake wa kijiweni ili asisikie uchovu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba msaada. Alisema, "Yaya zangu, nimechoka. Munifunge mpaka iniishe." Tuliona hilo kuwa neno la imani. Tukapanga novena ya siku tisa, tukagawana zamu za usiku, tukampelekea maji na mkate, na chupa zake zote tukazimwaga.

Siku ya kwanza mikono yake ilitetemeka na jasho likamtoka. Tulimshukuru Mungu, tukidhani kwamba sumu inatoka. Usiku wa pili alianguka, macho yakageuka, mwili ukakakamaa na kurukaruka sakafuni, alipozinduka hakututambua. Siku ya tatu alianza kupangusa wadudu ukutani ambao hawakuwapo, akazungumza kwa sauti na kaka yake aliyekwisha kufariki. Hapo mmoja wetu akatamka neno pepo, na sala ikageuka kelele. Kelele hizo ndizo zilizomwokoa, kwa maana zilimleta mama mmoja muuguzi anayekaa nyumba ya tatu kutoka pale. Alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akatugeukia. "Wanangu, huyu hana pepo. Huyu amekatiwa pombe ghafla. Mukimwacha hapa mpaka asubuhi, mutamuzika."

Tulimpakia kwenye pikipiki, mmoja mbele na mmoja nyuma, tukamfikisha hospitalini akiwa hai.

Tunayaandika haya kwa sababu tunajua si sisi pekee. Katika mji huu wa Goma viko vyumba vingine vyenye kufuli, na mbele ya milango yake wapo watu wema wenye rozari mikononi. Kwa hiyo tunasema waziwazi kwa wenzetu wa Kiro, wa Xaveri, wa kwaya na wa mashirika yote: kumkatia pombe kwa siku moja mtu aliyeinywa kila siku kwa miaka, bila daktari, ni kumweka katika hatari ya kufa. Nia njema haipunguzi hatari hiyo hata kidogo. Sisi tulikuwa na nia njema.

Sababu yake si ya kificho. Pombe hutuliza ubongo. Ukitulizwa hivyo kila siku, ubongo hujizoeza kwa kujichochea kupita kiasi ili uweze kufanya kazi yake. Pombe ikiondolewa ghafla, ule uchochezi hubaki peke yake, kama lori lililojaa mizigo likiteremka kutoka milima ya Masisi kuelekea Sake bila breki. Mtetemo huanza saa chache baada ya tone la mwisho. Kifafa huja mara nyingi ndani ya saa 48 za kwanza. Kuweweseka na kuona visivyokuwapo, pamoja na homa na moyo kwenda mbio, hutokea kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, na hilo ndilo linaloua. Hospitalini hutolewa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, vitamini B1, maji mwilini, na jicho la mtu asiyelala. Kwa wengi mwili hutulia ndani ya wiki moja. Tuongeze hapa, kwa sababu kuna watakaosoma na kukimbilia kibanda cha dawa: diazepamu inayonunuliwa na kumezwa bila mwongozo ni kifungo kingine.

Wala vileo vyote havitoki mwilini kwa mlango mmoja. Anayeacha heroini huumwa viungo, hutapika, hukosa usingizi na hujiona anakufa, ingawa mateso yenyewe mara chache humuua. Hatari yake kubwa huja baadaye, mwili ukishasahau kipimo cha zamani, akarudi siku moja na kutumia kile kile alichokuwa akitumia. Tramadoli ni ndugu wa mbali wa heroini, na pia huweza kuleta kifafa. Ndiyo maana Tanzania, tangu mwaka 2011 katika hospitali ya Muhimbili, iliwaanzishia watumiaji wa heroini tiba ya methadoni, wanayokunywa kila siku mbele ya mhudumu, badala ya kuwaambia tu waache.

Ketamini nayo ina mlango wake. Sisi wa Kivu tunaijua kama dawa ya usingizi ya wapasuaji wa vita, kwa kuwa haizimi pumzi ya mgonjwa upesi kama nyingine na huweza kutumika mahali pasipo na mitambo mingi. Ni majeruhi wangapi wa nchi hii waliotolewa risasi mwilini kwa msaada wake! Lakini huko Ulaya na Asia vijana huivuta puani kama starehe, na anayeizoea huharibu kibofu hata akakojoa damu. Akiiacha, mwili hautikisiki sana kama wa mlevi wa pombe. Kinachotikisika ni moyo: hofu, huzuni nzito, usingizi kukimbia, na tamaa inayorudi wiki baada ya wiki. Hakuna dawa ya kuibadili kama methadoni inavyoibadili heroini. Huyo anahitaji watu kuliko vidonge. Na jijini Kinshasa mwaka 2021 kulizuka unga ulioitwa bombé, uliochanganywa na masizi yaliyokwanguliwa ndani ya ekzosi za magari. Ni daktari gani angeweza kusema kwa hakika jinsi ya kuutoa mwilini unga ambao hata muuzaji wake hajui umetiwa nini?

Tunapoyasema haya, wapo wanaotujibu kwamba tunaifanya dhambi kuwa ugonjwa. Tunawaheshimu, maana kati yao wapo wazazi waliouziwa sufuria na godoro na watoto wao. Lakini Katekisimu yenyewe, inayokemea vikali dawa za kulevya, inafundisha pia kwamba mazoea na mafungamano yaliyopita kiasi huweza kuupunguza uzito wa kosa la mtu. Kanisa halikulijua jambo hilo jana. Huko China, katika jimbo la Hebei, aliishi tabibu mmoja mkristo, Mark Ji Tianxiang, aliyetumia afyuni ili kutuliza maumivu ya tumbo, ikamshinda. Padri wake aliona kwamba mtu anayeungama dhambi ile ile kila mara hana majuto ya kweli, akamnyima maondoleo. Kwa miaka 30 Ji hakupokea Ekaristi, na kwa miaka 30 hakuacha kwenda kanisani. Hatuna habari kwamba aliwahi kupona. Aliuawa kwa ajili ya imani mwezi wa Julai mwaka 1900, akiwa ameomba auawe wa mwisho ili mtu yeyote wa jamaa yake asife peke yake. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu. Tunamtaja kwa sababu sisi tulimwambia mwenzetu, "Ukiacha, utarudi kupiga ngoma." Tungalimwambia kinyume chake.

Wengine hutujibu kwa upande wa pili: basi apelekwe hospitalini, tuendelee na mazoezi ya kwaya. Hao nao wanakosea, na pengine kosa lao ni jepesi zaidi kulifanya. Hapa Goma tuna kituo cha Tulizo Letu kinachoongozwa na mabruda wa Frères de la Charité, na Bukavu wako na SOSAME. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kusafisha mwili ni kazi ya siku saba au kumi, na kijana akitoka hapo anarudi kwenye njia ile ile, kwa wenzake wale wale, katika mji ambao uliungua kwa Nyiragongo mwaka 2002 na kutikiswa tena mwaka 2021, na ambao tangu Januari 2025 umeishi mambo ambayo kila msomaji wetu anayabeba kwa namna yake. Hatusemi kwamba vita humlazimisha mtu kunywa. Tunasema tu kwamba anayetoka kitandani hapo hatoki kwenda bustanini.

Yupo mtawa tunayempenda katika habari hii, Sista Ignatia wa hospitali ya Mtakatifu Tomaso huko Akron, Marekani. Zamani hizo hospitali nyingi hazikutaka kuwalaza walevi. Mwaka 1939 yeye, akishirikiana na Daktari Bob Smith, mwenyewe mlevi aliyekuwa ameacha, alimwandikisha mlevi kwa jina la ugonjwa wa tumbo, na akamlaza katika chumba cha kupangia maua. Uzuri wa kazi yake haukuwa ujanja ule wa daftari (ingawa tunakiri ulituchekesha). Ulikuwa katika jambo hili: waliokuja kumwona mgonjwa na kuketi naye walikuwa walevi walioacha kabla yake. Dawa zilimvusha siku za kwanza, na watu wakamvusha zilizofuata.

Hilo ndilo kikundi cha vijana kinaweza kulifanya, na hatuoni nani mwingine atalifanya. Mwenyeheri wetu Floribert Bwana Chui, kijana wa mji huu, alifanya urafiki na watoto wa mitaani walipokuwa bado mitaani. Sisi tunao wenye pikipiki, tunao wanafunzi wa udaktari, tunao mama wauguzi katika kila shirika. Tunaweza kujua, kabla ya usiku wa hatari, ni nani atamwita nani na nani atalipa pikipiki. Tunaweza pia kuacha aibu moja tunayoifanya kila mwaka: tunahubiri juu ya ulevi asubuhi, na mchana, kwenye sherehe ya kikundi, kreti za bia hupangwa mbele kabisa, na anayeomba maji huulizwa kama anaumwa.

Mwenzetu alilala hospitalini siku tisa, sawa na ile novena yetu. Tangu hapo ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza alijificha wiki nzima. Mara ya pili alituma ujumbe usiku ule ule, na mama muuguzi alifika kabla yetu. Vijiti vya ngoma tulimrudishia siku aliyotoka, mikono ikiwa bado inatetemeka, na Dominika ile mdundo wa Utukufu ulikwenda ovyo kabisa. Paroko alitabasamu, hakusema neno. Mazoezi huisha saa kumi na mbili jioni. Njia yake ya kwenda nyumbani inapita Birere, kwa hiyo mmoja wetu humsindikiza, wakizungumza juu ya mpira au wakinyamaza. Jumamosi hii ni zamu ya wapiga kinanda.