Kiongozi wa Kijiji Afundwe Kabla ya Kura

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba pengine hajapata kulisikia jina la Titye. Ni kata ya wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, katika nyanda za juu za Buha, upande ule wa nchi unaopakana na Burundi. Wenyeji wake ni Waha, wakulima wa mahindi, maharage na mihogo, ambao wazee wao walikwenda kwa maelfu kukata mkonge wa Tanga na kuitwa manamba. Tunaitaja Titye leo si kwa kuwa kumetukia huko jambo la ajabu. Tunaitaja kwa kuwa hali yake ni hali ya vijiji vyote zaidi ya 12,000 vya Tanzania Bara, na kwa kuwa mambo yanayoamuliwa chini ya mti katika kijiji cha mbali aghalabu hayaandikwi gazetini.

Tarehe 27 Novemba 2024 wananchi wa Bara walichagua wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa halmashauri zao. Chama Cha Mapinduzi kilipata zaidi ya asilimia 99 ya viti vya wenyeviti. Wapinzani walilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa, na malalamiko hayo yana mahali pake pa kujadiliwa. Sisi tulio katika Chama tunataka kusema jambo jingine, ambalo ni zito zaidi kwetu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Anayeshika takriban viti vyote hana wa kumsingizia. Mwenyekiti asiyejua wajibu wake ni wetu, na kijiji kinachoharibika mikononi mwake kimeharibika mikononi mwetu.

Basi tuutazame wajibu wenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimia miaka 18, ndio wenye kauli ya mwisho katika kijiji. Mkutano huo unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri hiyo usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama amana, na ikaunda baraza la usuluhishi la watu 7, ambao wasiopungua 3 ni wanawake. Kaya maskini zinazopewa ruzuku ya TASAF hutambuliwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni. Mtu anayeongoza mkutano huo anaweza kumpa mjane haki yake au kumnyima kwa kunyamaza tu. Na katika wilaya ya Kasulu, iliyoipokea kambi ya Nyarugusu mwaka 1996 na ambako mkulima, mfugaji na msitu wa hifadhi wanagombea bonde moja, kosa la mwenyekiti mmoja katika kugawa ardhi huweza kuzaa ugomvi wa miaka mingi.

Kwa kazi yote hiyo, kanuni zinamtaka mgombea awe na umri usiopungua miaka 21, awe mkazi, apendekezwe na chama chake, na ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hatutaki masharti ya elimu yaongezwe hata kidogo. Mzee mwenye darasa la nne na busara ni bora kuliko kijana mwenye shahada asiyejua mpaka wa shamba la jirani yake. Tunalouliza ni hili: baada ya kuchaguliwa, nani anamfundisha?

Jibu la kawaida ni semina. Wenyeviti wapya huitwa makao makuu ya tarafa au ya wilaya, huketi siku moja au mbili, husomewa sheria, hupewa posho na kabrasha, kisha hurejea. Kabrasha hutiwa sandukuni. Baada ya miezi michache mwenyekiti, ambaye hana mshahara na ana shamba la kulima, hugundua kwamba karatasi zote ziko kwa mtendaji: mihutasari, stakabadhi, barua za halmashauri ya wilaya. Mtendaji ni mwajiriwa. Huenda ni mtu mwema na hodari, lakini hakuchaguliwa na mtu, na mwakani huweza kuhamishwa. Hivyo ndivyo umangimeza unavyozaliwa pasipo mtu yeyote kuukusudia: aliyechaguliwa hana ujuzi, na mwenye ujuzi hakuchaguliwa.

Nchi hii si ngeni wa kazi ya kufunda watu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, jirani yao, aliyefunzwa kwanza. Baada ya mjadala walikwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Kiongozi wa kikundi hakuwa na cheo. Alikuwa mwananchi aliyefundishwa namna ya kuendesha mazungumzo ya kikundi na kufikia uamuzi unaotekelezeka. Ni ujuzi huo huo anaouhitaji mwenyekiti wa kijiji.

Hatuna budi kukiri pia yaliyokwenda kombo. Kigoma ilitangulia katika kuhamishia watu vijijini, kwa operesheni iliyoanza mwaka 1972. Sheria ya mwaka 1975 ikavipa vijiji halmashauri, lakini mwenyekiti wa TANU wa kijiji akawa ndiye mwenyekiti wa halmashauri. Baadaye mameneja wa vijiji wakapelekwa kutoka juu. Mtu aliyehamishwa kwa amri, akaongozwa na aliyepata kiti kwa nafasi yake ya Chama, akapangiwa mipango na meneja mgeni, alijifunza somo moja tu, nalo ni kusubiri. Somo hilo bado lipo katika mikutano yetu. Mapato na matumizi husomwa upesi, wazee hutikisa vichwa, mkutano hufungwa.

Sisi tuliokwenda chuoni kabla ya skuli tunakumbuka utaratibu wa maalim. Mwanafunzi aliyetangulia kidogo alifanywa khalifa, akawasomesha wadogo huku yeye mwenyewe angali anasoma. Maalim hakungoja aishiwe nguvu ndipo amtafute wa kumsaidia. Na makhalifa walikuwa wengi kuliko nafasi ya maalim iliyokuwapo, jambo ambalo halikumdhuru mtu.

Ndivyo tunavyopendekeza kwa vijiji. Mafunzo yawe ya raia, si ya washindi peke yao. Kila kitongoji kitoe watu kadhaa, wake kwa waume, wa chama chochote au wasio na chama, wajifunze kusoma taarifa ya fedha, kuandika muhtasari, kujua mkutano unaitishwa vipi na unaweza kumwuliza nini mwenyekiti. Baadhi yao watagombea. Walio wengi hawatagombea, na hao ndio wenye faida kubwa zaidi, kwa sababu watakuwa wameketi mbele ya mwenyekiti wakijua anachopaswa kusema. Wapo wenzetu watakaoona kwamba kumfunza asiye mwanachama ni kumnoa mpinzani. Tunawajibu kwamba mwanachama asiyeulizwa maswali ndiye anayetupotezea imani ya watu.

Kuhusu wanawake, Buha haihitaji kufundishwa na mtu wa pwani. Mwami Theresa Ntare alitawala Heru, huko huko Kasulu, wakati ambapo mabaraza mengi ya nchi hii hayakuwa na mwanamke hata mmoja. Mafunzo nayo yasiwe ya Kiswahili cha kabrasha peke yake. Mjadala wa kweli huko huwa kwa Kiha, na mkufunzi asiyekielewa atarudi na majibu ya adabu tu.

Msomaji wa visiwani atauliza yamhusu nini haya, maana kwetu sheha hapigiwi kura, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Yanamhusu. Sheha naye huandika barua zinazoamua nani ni mkazi, huamua ugomvi wa mipaka, hupokea wageni wa Serikali. Kama mwenyekiti aliyechaguliwa huweza kuzidiwa na karatasi, sheha aliyeteuliwa anahitaji zaidi watu wa shehia wanaojua mipaka ya kazi yake.

Kwa maofisa wanaohusika tuna neno moja la fedha. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa kazi ya namna hii hasa, na Kasulu ina chake. Siku hizi aghalabu vinasifiwa kwa ushonaji na useremala. Majengo yapo, mabweni yapo, walimu wapo. Kinachotakiwa ni kifungu katika bajeti ya halmashauri ya wilaya cha kuwalipia watu wa Titye na wa kata nyingine chakula cha wiki mbili, wakati wa kiangazi ambapo shamba linamruhusu mtu kuondoka. Uchaguzi ujao wa vijiji, kwa mzunguko wa miaka mitano, ni mwaka 2029. Ukiondoa misimu ya kulima na ya kuvuna, muda uliobaki si mrefu.