SAFU YA NYUMBANI: Deki Imekufa, Tununue Ipi?



Mwezi huu tunajibu swali ambalo limetufikia mara nyingi, hasa kutoka kwa akina mama: deki ya kutazamia sinema nyumbani imekufa, je, inafaa kununua nyingine, na kama inafaa, ni ya namna gani?

Vijana wetu hucheka wasikiapo swali hili. Wao husema kwamba zama za diski zimekwisha, na hawasemi uongo. Duka la Musica, ambalo wengi wetu tulilizoea kwa muziki na filamu, lilifunga milango yake yote nchini mwaka 2021. Kampuni ya Netflix, iliyoanza kazi kwa kukodisha diski kwa njia ya posta huko Marekani, ilituma diski yake ya mwisho Septemba 2023. Lakini hoja hiyo ya vijana ndiyo inayotufanya tuseme kwamba jambo hili lisiahirishwe. Kitu kinachoelekea kuadimika hununuliwa kingali kinapatikana, na wenye haja nacho kuliko wote ni sisi.

Tueleze sababu. Iko familia moja katika jumuiya yetu, asili yake Uvira, ambayo ina diski ya harusi ya mwaka 2007. Ndani yake babu wa watoto wa sasa anasimama mbele ya wageni na kumpa binti yake nasaha za ndoa, kwa Kiswahili cha wazee kisicho na papara. Mzee huyo amekwisha kufariki. Picha zake nyingine zilipotea njiani, na sauti yake haipo mahali pengine popote. Deki ilipokufa, watoto walishauri iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na diski ziwekwe kabatini. Nyumba ngapi kati yetu zina diski kama hiyo? Harusi ya Kigoma, maziko ya Bujumbura, ubatizo wa Bukavu: hayo hayapo Netflix, wala hayatakuwapo.

Basi tuanze na lile la kwanza kabisa. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kununua, mwoneni fundi. Deki inayowaka lakini ikaandika kwamba haioni diski, aghalabu ina vumbi au unyevu juu ya lenzi ya leza, na hewa ya Durban, yenye joto na chumvi ya bahari, huzidisha ugonjwa huo. Pamba kidogo yenye spiriti safi ya kusafishia vifaa huweza kuiponya. Deki ambayo mlango wake haufunguki, mara nyingi mkanda wake mdogo wa mpira umelegea, na mkanda huo si kitu cha gharama. Lakini ile isiyowaka kabisa, hususan iliyokufa siku umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatwa, huenda sehemu yake ya kupokea umeme imeungua. Nyingi zilikufa hivyo katika miaka ya mgawo wa umeme, na mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko yote. Hapo pimeni gharama ya fundi na bei ya deki nyingine.

Ikiwa imethibitika kwamba lazima mnunue, la pili ni kujua habari ambayo wauzaji hawaisemi: hata sinema ina pasipoti. Wenye filamu waliigawa dunia katika maeneo, ili filamu iuzwe nchi moja kabla ya nyingine na kwa bei tofauti. Kwa diski za DVD, Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini ziliwekwa katika eneo namba 2, pamoja na Ulaya Magharibi, Japani na Misri. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziliwekwa katika eneo namba 5, pamoja na India na Urusi. Marekani na Kanada ni namba 1. Kwa hiyo diski halali iliyofungwa kwa namba 5, mkiletewa kutoka Nairobi, yaweza kukataliwa na deki iliyonunuliwa hapa Durban. Na ile aliyoituma shangazi kutoka Chicago itakataliwa kwa namba 1. Diski ni nzima na deki ni nzima, lakini hazipatani.

Dawa yake ni kuulizia deki inayosoma maeneo yote. Zipo. Nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa, nazo hufunguliwa kwa kubonyeza namba fulani katika rimoti. Kwa sababu hiyo msinunue deki iliyotumika ambayo rimoti yake ya asili imepotea, hata bei ikiwa ya kuvutia. Hakikisheni pia kwamba inacheza mitindo yote miwili ya picha: PAL, ambao ndio wa hapa na wa Afrika Mashariki, na NTSC, ambao ni wa Marekani.

La tatu, zijueni diski zenu wenyewe. Zipo za aina tatu katika nyumba zetu. Kuna DVD za dukani. Kuna VCD, ambazo zilitapakaa sana Afrika Mashariki. Moja hubeba yapata dakika 74 tu, ndiyo maana sinema moja huja katika diski mbili. Sinema nyingi za Kitanzania, zikiwamo za marehemu Steven Kanumba aliyefariki Aprili 2012, ziliuzwa kwa njia hizo mbili. Tena kuna diski za kuchomwa, yaani zile alizotuchomea mpiga picha wa harusi. Hizi za kuchomwa na VCD hazina tabu ya namba za maeneo, bali zina tabu nyingine: si kila deki huzisoma.

Hapo ndipo penye mtego wa deki za Blu-ray. Ni kweli kwamba picha yake ni safi zaidi, na kwamba hucheza DVD pia. Tena katika mgawanyo wake Afrika yote imo katika eneo moja, eneo B, pamoja na Ulaya na Australia. Lakini si zote zinazosoma VCD, na ile namba ya DVD hubaki imefungwa humo humo kama kawaida. Kwa familia ambayo hazina yake ni VCD za Kiswahili na diski za kuchomwa, deki ya kawaida ya DVD yaweza kuwa na manufaa kuliko ile ya fahari.

La nne ni maungio na umeme. Televisheni ya chogo hupokea waya tatu: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Televisheni bapa hupokea waya wa HDMI, na baadhi ya mpya hazina tena tundu la njano. Tazameni nyuma ya televisheni yenu kabla ya kwenda dukani. La salama zaidi ni deki yenye maungio yote mawili. Kisha someni kibandiko cha nyuma ya deki. Kikiandikwa volti 100 hadi 240, haina neno. Kikiandikwa volti 120 peke yake, deki hiyo ni ya Marekani, na umeme wa hapa, ambao ni volti 230, utaiunguza mara mtakapoiwasha. Kubadili plagi hakubadili umeme.

La tano, mwendapo kununua chukueni diski tatu: moja ya dukani, moja ya VCD, na moja ya kuchomwa, ila isiwe ile ya pekee msiyo na nakala yake. Mwombeni muuzaji azicheze zote mbele yenu, mwanzo, katikati na mwisho. Kuuliza si ujinga. Muuzaji anayekataa amekwisha kuwapa jibu.

Wala msitoke bila risiti. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya nchi hii, namba 68 ya mwaka 2008, humpa mnunuzi miezi sita ya kurudisha bidhaa yenye kasoro, naye ndiye achaguaye: itengenezwe, ibadilishwe, au arudishiwe fedha zake. Sheria hiyo inamtaja mlaji. Haiulizi ametoka nchi gani. Wengi wetu huogopa kurudi dukani kwa sababu ya lafudhi zetu au karatasi zetu. Nendeni na risiti yenu, semeni kwa adabu, na msiondoke kwa kutishwa. Lakini aliyenunua kwa mtu wa barabarani hana pa kurudi, na pengine amenunua mali ya wizi.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Deki mpya hununua muda tu. Diski ya kuchomwa hubeba picha katika rangi ambayo jua, joto na unyevu huila polepole, na nyingi za diski zetu zimepita miaka kumi na mitano. Wakati deki ingali hai na diski ingali inasomeka, mpeni kijana mwenye kompyuta yenye tundu la diski anakili harusi na maziko yenu katika flashi mbili, moja ikae kwenu na nyingine kwa ndugu wa mji mwingine. Hatusemi juu ya sinema za dukani, ambazo zina wenyewe na kuzinakili ni kosa. Twasema juu ya kumbukumbu zenu. Futeni diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Zisimamisheni katika makasha yake mbali na dirisha, na msiandike juu yake kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu.

Wasioweza kununua peke yao wasikate tamaa. Nyumba tatu au nne za jengo moja zaweza kuchanga na kuwa na deki moja inayozunguka, mradi awepo mmoja wa kuitunza na daftari la kuandika iko kwa nani. Na siku inapofika zamu yenu, waketisheni watoto, muwachezee nasaha za babu zao mpaka mwisho. Wasipolielewa neno, simamisheni picha na kuwafafanulia, kisha endeleeni.